Maswali ya Wapigapicha: lenzi ndefu Serengeti, fangasi za Pwani na taa za ukumbini

Barua za mwezi huu zimetoka Arusha, Mombasa, Kilifi, Dar es Salaam, Kampala, Maskati, Nairobi, Iringa na Dodoma. Nyingi zinauliza iwapo kifaa cha bei kubwa kitamwondolea mwandishi tatizo alilonalo. Kuna mahali jibu ni ndiyo, bila kusita. Kuna mahali fedha hiyo ingefaa kwenda kwingine kabisa, na hapo tumesema wazi.

Ninaongoza watalii Serengeti na kupiga picha kwa Nikon Z8. Nimeweka akiba ya lenzi moja kubwa. Nichague 600mm f/4 yenye kizidishi ndani yake, 600mm f/6.3 au 180-600mm?
*Mwongoza watalii, Arusha*

Chukua 180-600mm. Tunajua si jibu analolitarajia mtu aliyekwisha kujikusanyia fedha za lenzi kubwa, kwa hiyo tueleze sababu.

Ndani ya gari la safari wewe husogei, wanyama ndio wanaosogea. Tembo aliye mita 100 sasa hivi anaweza kuwa mita 15 baada ya dakika tano, na ukiwa na 600mm tupu utaambulia jicho na kipande cha sikio. Kubadilisha lenzi katikati ya vumbi la kiangazi ni kukaribisha uchafu kwenye kihisi. Hii 180-600mm huvuta bila kurefuka, hivyo mzinga wake haufyonzi hewa yenye vumbi kama lenzi zinazochomoza, na uzito haukimbilii mbele ukiwa umeiegemeza. Kutoka 180 hadi 600 pete huzunguka nyuzi 70 hivi, kazi ya mkono mmoja bila kubadilisha mshiko. Tena hufokasi karibu: mita 2.4 ikiwa kwenye 600mm, wakati f/6.3 inataka mita 4 na f/4 inataka mita 4.3.

Sasa mizani. Ile f/4 ina gramu 3,260. Hii 180-600mm ina gramu 2,140 pamoja na mguu wake. Ile 600mm f/6.3 ina gramu 1,470 tu, nayo ndiyo utakayoishukuru siku za kutembea kwa miguu au za kufuata ndege kwa mkono mtupu. Zilipozinduliwa Marekani mwaka 2022 na 2023, bei zilikuwa takriban dola 15,500 kwa f/4, dola 4,800 kwa f/6.3 na dola 1,700 kwa 180-600mm.

Hizo dola 15,500 zinanunua nini? Kutoka f/6.3 hadi f/4, yaani tundu pana zaidi, ni stopu moja na theluthi (kila stopu huongeza mwanga mara mbili). Pale f/4 inapohitaji ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) ya 1600, f/6.3 itahitaji ISO 4000 kwa kasi ileile ya shata. Kwenye Z8, ISO 4000 inasafishika vizuri kwa programu za kuondoa chembechembe, kwa hiyo chembechembe peke yake si sababu ya kutoa fedha zote hizo. Kinachobaki ni vitu viwili ambavyo programu haivitengenezi vizuri: nyasi za nyuma zinazoyeyuka kabisa zikamwacha chui peke yake, na fokasi inayokamata haraka saa kumi na mbili na nusu asubuhi kabla jua halijachomoza. Ongeza kizidishi cha ndani kinachokupa 840mm f/5.6 kwa kubonyeza swichi, bila kufungua kamera. Anayeishi kwa kuuza picha za wanyama kwa majarida na matbaa za nje ana haki ya kuinunua. Anayeongoza wageni na kupiga picha katikati ya kazi atabaki akiibeba tu.

Kuhusu 600mm f/6.3, jua moja: jua au taa kali ikiwa ndani ya fremu, kioo chake cha aina ya PF (Phase Fresnel, kinachopunguza urefu na uzito wa lenzi) huweza kutoa duara za rangi kuzunguka mwanga. Kwa picha za kivuli wakati wa machweo hilo linasumbua.

Wengi wanaolalamika kuwa lenzi ndefu haina makali, kosa halipo kwenye lenzi. Kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri ardhi hutoa joto, hewa inacheza, na hakuna kioo cha bei yoyote kitakachoinyoosha. Katika saa hizo piga vilivyo karibu, mita 30 au pungufu. Usipigie kupitia dirisha lililofunguliwa huku kiyoyozi kinafanya kazi. Hewa baridi na ya moto zinachanganyika mbele ya lenzi yako hapohapo. Asubuhi itoe lenzi nje dakika 15 hadi 20 kabla ya kuitumia ili kioo kilingane joto na hewa.

Kwa kuegemeza, mfuko wa turubai wenye maharage au mchele kilo 2 hadi 3 unashinda stendi yoyote ndani ya gari. Usiujaze ukakakamaa: acha theluthi moja tupu ili ukumbatie mzinga. Geuza mguu wa lenzi juu au uuvue. Dereva azime injini, wageni watulie. Simba anayetembea anataka shata ya 1/1000 ya sekunde, duma anayekimbia 1/2500, ndege arukaye 1/3200.

Lenzi yangu ya 70-200mm f/2.8 imeota nyuzi nyeupe ndani. Fundi mmoja aliniambia niianike juani. Nifanye nini, na nizuieje zilizobaki?
*Mpigapicha, Mombasa*

Usiianike. Mwanga mkali wa jua unaweza kudhoofisha fangasi lakini hauzing'oi, na lenzi iliyoelekezwa juani hukusanya miale ikaunguza visu vya tundu au plastiki ya ndani. Utaishia na lenzi yenye fangasi na kovu la moto.

Kwanza hakikisha ni fangasi. Fungua tundu lote, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi kwa pembe, angalia kwa mbele. Nuktanukta ni vumbi, lisilo na madhara mengi. Utandu kama moshi ulioenea sawasawa mara nyingi ni mvuke wa mafuta ya ndani. Nyuzi zinazotawanyika kutoka sehemu moja, kama utando wa buibui, ndizo fangasi. Zikiwa kwenye kioo cha nje, futa kwa pombe ya aisopropili ya asilimia 99 kwenye karatasi ya lenzi, kwa duara kutoka katikati kwenda pembeni. Zikiwa ndani, lenzi lazima ifunguliwe na fundi mwenye vifaa vya kupangilia vioo upya, kwa sababu 70-200mm ikirudishwa na kioo kimoja kimesogea kidogo tu, upande mmoja wa picha utakuwa mlegevu daima. Peleka mapema. Fangasi hutoa asidi inayokula tabaka la kuzuia mng'ao juu ya kioo, na tabaka likishaliwa, kusafisha hakulirudishi: utabaki na alama zinazofifisha picha ukipiga kuelekea mwanga.

Tatizo lenyewe ni unyevu. Fangasi hustawi unyevu wa hewa ukizidi asilimia 60 hadi 70, na Mombasa huvuka kiwango hicho siku nyingi za mwaka. Unataka vifaa vikae kati ya asilimia 40 na 50. Usishuke chini ya 30, maana raba na mafuta ya ndani hukauka. Kabati kavu la umeme ndilo suluhisho bora, na kama una lenzi tatu za daraja la f/2.8 ukasema kabati ni ghali, hesabu upya: ni sehemu ndogo sana ya bei ya lenzi moja.

Kabati halijapatikana? Tumia kasha la plastiki la chakula lenye raba na vibano pande nne. Kwa ujazo wa lita 10 weka gramu 100 hadi 200 za silika jeli na kipima unyevu kidogo cha kidijitali ndani yake. Nunua silika ya rangi ya chungwa. Ile ya buluu ina kloridi ya kobalti, ambayo ni sumu. Ikibadilika rangi, ioke kwenye tanuri nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili, iache ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, kisha irudishe. Mchele hauisaidii lenzi, unaiachia unga tu. Na usihifadhi lenzi katika vifuko vya ngozi vilivyokuja nayo wala kwenye begi lenye sponji. Begi ni la kusafiria.

Hatari nyingine ya Pwani ni kutoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje. Lenzi ya nyuzi 20 ikikutana na hewa nzito ya nyuzi 31 itapata umande mara moja, nje na wakati mwingine ndani. Funga zipu ya begi, toka nalo, usilifungue kwa dakika 30 hadi 45.

Je, filta ya UV ni lazima kwa lenzi ghali?
*Msomaji, Kilifi*

Ufukweni, kwenye chumvi na mchanga unaopeperuka, ndiyo, weka iliyo bora. Usiku ukumbini ivue, kwa kuwa taa hujirudia ndani ya fremu kama vivuli vya mwanga. Kwa kugongwa na kuanguka, hudi ya lenzi inalinda zaidi kuliko filta, na haigusi ubora wa picha. Filta ya bei ya chini mbele ya lenzi ya mamilioni ni uharibifu.

Picha zangu za harusi zina mistari ya mwanga na giza inayokata fremu, hasa kwenye kumbi zenye taa za LED. Natumia Sony A7 IV kwa shata ya kimya. Nimeshauriwa ninunue A9 III. Ni kweli itaondoa tatizo?
*Mpigapicha wa harusi, Dar es Salaam*

Itaondoa mistari. Lakini unaweza kuiondoa sehemu kubwa leo bila kununua chochote, kwa kuzima shata ya kimya.

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Taa za jukwaa za LED na kuta za skrini hupwesa kwa kasi nyingine, mara nyingi kubwa zaidi. Shata ya kimya ya kamera yako husoma kihisi mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini, na A7 IV inachukua takriban 1/15 ya sekunde kumaliza. Hata ukiweka 1/1000, kila mstari umepata mwanga kwa 1/1000 lakini kwa nyakati tofauti, na katika muda huo wote taa imepwesa mara sita au saba. Hiyo ndiyo mistari unayoihesabu kwenye gauni la bibi harusi. Shata ya kawaida hukamilisha safari yake kwa takriban 1/250, hivyo mistari hupungua sana. Nikon Z8 na Z9, ambazo hazina kabisa shata ya mapazia, husoma kihisi kwa kasi inayokaribia hiyo, ndiyo maana zinatumika harusini bila shida kubwa.

Fanya hivi ukifika ukumbini, kabla wageni hawajajaa. Washa taa zote za mshereheshaji na DJ. Piga ukuta mweupe kwa shata ya kawaida katika 1/50, 1/100, 1/200 na 1/500. Utaona 1/50 na 1/100 ziko safi kwa taa za kawaida, kwa kuwa kila picha imekusanya mzunguko mzima. Mwendo wa watu ukikulazimisha kupanda hadi 1/200, acha flashi iwe ndiyo mwanga mkuu na taa za ukumbi ziwe za nyuma tu. Kama mistari bado ipo, washa mpangilio wa kuzuia kupwesa; huo hungoja kilele cha mwanga wa taa za hezi 100 au 120 ndipo ufyatue. Kwa LED za kasi kubwa unahitaji mpangilio wa shata kwa desimali, unaopatikana kwenye kamera nyingi za daraja la juu za karibuni: unazungusha kidogo kidogo huku ukiangalia skrini hadi mistari ipotee. Shata ya kimya iweke kwa wakati wa viapo peke yake, na kanisani ambako kuna mwanga wa dirisha. Kumbuka pia kwamba kwenye A7 IV flashi haiwaki kabisa ukiwa kimya.

Wanaopiga video nao wasikilize: angalia kama kamera ipo kwenye NTSC, mfumo wa video wa nchi za umeme wa hezi 60. Nyingi hununuliwa hivyo zikabaki kwenye fremu 30 na 60, kisha taa zinapwesa kwenye video nzima. Hamia PAL, mfumo wa hezi 50 kama umeme wetu, piga fremu 25 kwa shata 1/50, au fremu 50 kwa 1/100.

Turudi kwa A9 III. Ilitangazwa Novemba 2023, ina megapikseli 24.6, na kihisi chake husoma picha nzima kwa mpigo mmoja. Mistari ndani ya fremu haiwezekani. Lakini ukipiga 1/2000 chini ya taa inayopwesa, fremu moja itakuwa angavu na inayofuata hafifu au ya rangi nyingine, kwa sababu umeikamata taa ikiwa imefifia. Faida yake kubwa kwa mtu wa harusi iko nje, saa saba mchana: flashi inalandana na kasi zote hadi 1/80000, kwa hiyo unaweza kufungua tundu pana juani na bado ukatumia flashi bila kupoteza nguvu yake nyingi kwenye mpigo wa kasi ya juu (HSS). Upande wa hasara, ISO yake ya msingi ni 250. Kama nusu ya kazi yako ni picha za maharusi bustanini na ufukweni mchana wa jua, ina hoja. Kama kazi ni ukumbi usiku, fedha hiyo nunua flashi mbili zenye nguvu, stendi zake na lenzi ya 35mm f/1.4.

Canon R5 yangu inagoma katikati ya mashambulizi ya mpira. Taa nyekundu inawaka tu sekunde kadhaa. Nilinunua kadi ya CFexpress ya gharama, bado.
*Mpigapicha wa michezo, Kampala*

Tunabashiri kwamba umeiambia kamera iandike RAW (faili ghafi la picha) kwenye kadi zote mbili kwa pamoja. Ukifanya hivyo, kasi inakuwa ya kadi iliyo polepole, na kwenye R5 hiyo ni SD.

Piga hesabu. Faili la RAW la megapikseli 45 ni kama MB 45. Shata ya kawaida hutoa picha 12 kwa sekunde, sawa na MB 540 kila sekunde. Njia ya SD ya UHS-II kikomo chake ni MB 312 kwa nadharia, na kadi nzuri ya V90 haifiki hapo kwenye uandishi. Kama umeweka ya UHS-I, kikomo ni MB 104. Bafa, yaani kumbukumbu ya muda ya kamera, ikijaa, kamera inasubiri. Weka RAW kwenye CFexpress na JPEG kwenye SD, au tumia CRAW, yaani RAW iliyobanwa, ambayo hupunguza ukubwa wa faili kwa hasara isiyoonekana katika picha nyingi za michezo.

Halafu kagua kadi yenyewe. Namba kubwa iliyoandikwa usoni, 1700 na kadhalika, ni ya kusoma na ni ya kilele. Unayoitaka ni kasi ya chini inayodumu: tafuta alama ya VPG400, inayodhamini MB 400 kwa sekunde bila kushuka. Kadi za bandia ni nyingi sokoni, kwa hiyo mpya yoyote ijaribu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux: programu huijaza kadi yote kisha husoma ilichoandika. Kwa GB 512 inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Iache imalize. Baada ya hapo fomati ndani ya kamera, si kwenye kompyuta.

Assalaam alaykum. Nataka kumnunulia mdogo wangu aliyeko Tanga Nikon Z8 na lenzi 70-200mm f/2.8, vyote vilivyotumika, kutoka kwa muuzaji wa Dubai. Nikague nini?
*Msomaji, Maskati*

Waalaykum salaam. Idadi ya mifyatuo, ambayo wauzaji hupenda kuitaja kwanza, kwenye Z8 haina uzito mkubwa kwa kuwa hakuna shata ya mapazia ya kuchakaa. Angalia haya.

Mwaka 2023 Nikon ilitangaza matengenezo ya bure kwa baadhi ya Z8 zilizokuwa na vishikio vya mkanda vinavyolegea au pete ya lenzi isiyojifunga vizuri. Ingiza namba ya kamera kwenye tovuti yao ujue kama ni mojawapo na kama ilirekebishwa. Funga lenzi, isikie ikilia mahali pake, jaribu kuizungusha: isicheze. Chomeka waya kwenye milango yote miwili ya USB-C na wa HDMI, uutikise kidogo. Kwenye menyu ya betri kuna umri kwa namba 0 hadi 4. Ikisoma 3 au 4 omba punguzo la bei ya betri mpya. Piga ukuta mweupe kwa f/16, kisha piga sekunde 30 ukiwa umefunika lenzi kwa ISO 1600. Nuktanukta chache za rangi ni kawaida. Mstari mnyoofu wa rangi au kundi la nukta kali ni ishara ya kihisi kilichochomwa, mara nyingi na miale ya leza ya matamasha. Hapo ondoka.

Lenzi iweke kwenye stendi, f/2.8, lenga jengo la mbali. Chagua kitu kimoja, dirisha kwa mfano, kiweke katikati, fokasi, piga. Kisha geuza kamera kitu hichohicho kiwe kwenye kila kona, ukifokasi upya kila mara. Rudia kwa 70, 135 na 200. Kona zikitofautiana wazi, kuna kioo kilichosogea, pengine iliwahi kuanguka. Malizia na tochi kama tulivyomweleza msomaji wa Mombasa.

Uliza pia waranti inafanya kazi nchi gani. Nyingi hufungwa na eneo, na fundi aliyeidhinishwa Afrika Mashariki si lazima aitambue ya Ghuba. Akikushawishi ubadilishe uchukue Sony iliyotoka Japani, washa menyu kwanza: zile zilizotengenezewa soko la ndani la Japani mara nyingi zina Kijapani tu, bila lugha nyingine ya kuchagua. Chaja haina shida, plagi ya pini tatu ya Omani ndiyo ya Tanga.

Nina studio ya picha za watu na mitindo. Je, kuhama kutoka Canon ya megapikseli 45 kwenda Fujifilm GFX100 II au Hasselblad X2D kutaonekana na wateja?
*Mwenye studio, Nairobi*

Kwenye simu, hapana. Kwenye karatasi, inategemea ukubwa. Chapa ya A2 kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 4,961 kwa 7,016, yaani megapikseli 35. Canon yako inatosha na chenji inabaki. A1 inahitaji 70. Hapo ndipo megapikseli 102 za GFX100 II au 100 za X2D zinaanza kulipa. Bango la barabarani huchapwa kwa nukta chache sana kwa inchi kwa kuwa hutazamwa kwa mbali, hivyo usimkubali anayekuambia bango ndilo linalohitaji fomati kubwa.

Kihisi cha milimita 44 kwa 33 kina eneo mara 1.7 la fremu kamili, na kinachoonekana kwa macho ni mpito wa rangi ulio laini kwenye ngozi na maelezo ya kitambaa. Kwa vitenge na vikoi vyenye nyuzi zilizofumwa karibukaribu, pikseli nyingi pia hupunguza ile michirizi ya uongo inayotokea nyuzi za kitambaa zinapogongana na mpangilio wa kihisi. Haiiondoi kabisa. Kati ya hizo mbili, tofauti kubwa studioni ni flashi: shata ya GFX hulandana hadi 1/125 tu, wakati Hasselblad ina shata ndani ya lenzi na lenzi zake za XCD hulandana hadi 1/2000 nyingi zake. X2D pia ina hifadhi ya ndani ya terabaiti moja. GFX ina fokasi iliyo mahiri zaidi kwa mwanamitindo anayetembea. Faili la RAW lisilobanwa ni takriban MB 200, kwa hiyo tenga fungu la kompyuta na diski kabla ya kununua kamera.

Lakini kabla ya hayo yote tazama taa zako. Ngozi nyeusi huumbika kwa miale inayoakisiwa juu yake kuliko kwa vivuli. Chanzo kikubwa, sanduku laini la sentimita 120 hadi 150 likiwa mita moja hadi moja na nusu kutoka usoni, hutandaza mng'ao mpana unaochora shavu na taya. Taa ndogo iliyo mbali huacha nukta za mng'ao kwenye paji la uso na mahali pengine giza, ndipo mpigapicha anapoongeza mwanga hadi gauni jeupe linaungua. Usitumie filta ya polaraizi kwa picha za uso: inafuta mng'ao huohuo unaoutafuta. Pima kwa histogramu (grafu ya mwanga wa picha), si kwa mwanga wa skrini. Studio yenye taa mbili za wati-sekunde 400, masanduku mazuri na monita iliyokalibriwa itaipita ya milioni kadhaa yenye taa moja dhaifu.

Naenda Ruaha kwa ndege ndogo. Kilo 15 zinatosha? Na betri?
*Msomaji, Iringa*

Kampuni nyingi za ndege ndogo za hifadhini zinaruhusu kilo 15, begi la mkononi likihesabiwa, na zinataka mabegi laini kwa sababu masanduku magumu hayaingii chini ya ndege. Baadhi huuza kiti cha ziada kwa mzigo; uliza wakati wa kukata tiketi. Betri za akiba ziende nawe ndani, kila moja na kifuniko cha ncha. Wati-saa ni volti mara ampia-saa: NP-FZ100 ya Sony ni 7.2 mara 2.28, kama 16. Hadi 100 hakuna shida, kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika na hazizidi mbili.

Vumbi kwenye kihisi: nisafishe mwenyewe?
*Mpigapicha, Dodoma*

Unaweza, kwa utaratibu. Piga anga au ukuta mweupe kwa f/16, lenzi ikiwa nje ya fokasi. Madoa ya juu kwenye picha yako chini kwenye kihisi, kwa kuwa lenzi hupindua. Chaji betri ijae, washa hali ya kusafisha kwenye menyu, inamisha kamera ifungue mdomo chini, puliza kwa pampu ya mkono ya raba. Kamwe usitumie kopo la hewa, hurusha kimiminika baridi, wala usipulize kwa mdomo. Piga tena. Madoa mengi huondoka hapo.

Yanayobaki yanahitaji kijiti cha milimita 24 cha fremu kamili na matone mawili ya kimiminika cha kusafishia vihisi. Matone manne huacha alama za kukauka. Pita mara moja kutoka upande mmoja hadi mwingine, geuza kijiti, rudi kwa uso wake safi, kitupe. Usikandamize, kwa sababu kihisi chenye kidhibiti cha mtikisiko kinaelea. Kamera zenye ngao ya kufunika kihisi zikizimwa, kama Z8 na Z9, washa mpangilio huo kwa kubadilishia lenzi kwenye vumbi, lakini usiiguse ngao yenyewe kwa kidole wala kwa kijiti. Doa linalobaki mahali palepale baada ya vijiti viwili huenda ni mafuta au mkwaruzo. Usitumie cha tatu, mpelekee fundi.